Mtoto wa Ndugu Yako Yuko Kwako: Mwongozo kwa Mlezi wa Kenyenya

Kenyenya, mlezi huteuliwa kabla udongo wa kaburi haujakauka. Wageni wakishaondoka, wazee wa ukoo husogeza viti chini ya turubai, majina mawili matatu yatajwe, kisha mmoja wao akate shauri: watoto hawa watakuwa wa baba yao mdogo. Au nyanya, magokoro kama wenyewe wanavyomwita, huambiwa awachukue wajukuu mpaka wakue. Hakuna anayeandika kitu. Anayetajwa hukubali kwa kuinamisha kichwa, na asubuhi inayofuata ana midomo mitatu zaidi ya kulisha, mashina ya majani chai ya marehemu yanayohitaji kuchumwa, na majirani wanaouliza kama ile robo ekari ya chini mtoni itauzwa.

Kama aliyetajwa ni wewe, mwongozo huu ni wako. Shika jambo moja kwanza: kumlea mtoto hakuhitaji karatasi, kugusa mali yake kunahitaji. Walezi wengi wanaojikuta kizimbani hawakumnyima mtoto uji. Walipokea pesa, wakakodisha shamba au wakauza ng'ombe, huku hakuna hakimu aliyewaruhusu.

Tuanze na yale ya kila siku. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inamtambua mtu anayekaa na mtoto hata kama mahakama haijamtaja. Mtu huyo anaweza kufanya lolote la busara kwa usalama na manufaa ya mtoto. Kwa hiyo mtoto akipata homa usiku, mpeleke Hospitali ya Kenyenya, wala usisubiri kikao cha ukoo. Mwandikishe shule. Mlishe, mvishe, mwonye, mwombee cheti cha kuzaliwa kama hana. Hilo la cheti usiliweke kiporo, kwa sababu shuleni kitaulizwa, benki kitaulizwa, mahakamani kitaulizwa, na kukitafuta mtoto akiwa na miaka 14 na wazazi wote wamekufa ni kazi ya miezi. Kituo cha Huduma cha Kisii mjini ni mahali pazuri pa kuanzia, ukiwa na barua ya naibu wa chifu na kadi ya kliniki kama ilisalia.

Hayo ni malezi, na kwa sheria bado wewe si mlezi kamili. Ulezi wa kisheria una njia tatu, na ya kwanza ndiyo inayosahauliwa sana kwetu.

Njia ya kwanza ni mzazi aliyebaki hai. Baba akifa, mama ndiye mlezi. Mama akifa, baba ndiye. Hakuna kikao kinachohitajika. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inaweka wajibu wa malezi sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. Nalisema kwa sauti kwa sababu mjane wa Kenyenya huweza kuambiwa kwamba watoto ni wa ukoo, na kwamba akirudi kwao atarudi mikono mitupu. Ng'ombe walitoka, watu husema, kwa hiyo watoto ni wetu. Na pale ambapo ng'ombe hawakutoka, upande wa mama nao huja na hoja hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa. Mahakama ya watoto haipimi mtoto kwa mahari. Inauliza nini kitamfaa mtoto huyu, na kama ana umri wa kujieleza, inamsikiliza. Shemeji aliyetajwa matangani hana mamlaka juu ya mama aliye hai, ila mama mwenyewe amkaribishe au mahakama imweke.

Njia ya pili ni wosia au hati. Mzazi anaweza kuandika nani awe mlezi akifa. Andiko hilo liwe na tarehe, na mzazi alitie sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Mlezi aliyetajwa hivyo hufanya kazi pamoja na mzazi aliyebaki. Hamfukuzi wala hafunguliwi mlango wa kumtawala. Wakishindwa kuelewana, au mzazi akimkataa, au mlezi akiona mzazi hafai, wote wawili wana njia moja tu, nayo ni kwenda kwa hakimu.

Njia ya tatu ni amri ya mahakama. Wazazi wote wakiwa wamekufa, au hawajulikani waliko, na hakuna mwingine mwenye wajibu wa mzazi, yeyote anaweza kuomba awe mlezi: shangazi, mjomba, dada mkubwa, hata jirani. Kwa mtu wa Kenyenya ombi hilo huenda Mahakama ya Ogembo, kwa hakimu anayesikiliza mambo ya watoto. Kabla hujapanda matatu, pitia kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Usimwogope. Huyo ndiye hakimu huweza kumtuma aje nyumbani kwako, aone mtoto analala wapi na anakula nini, kisha aandike ripoti. Ukianza naye, ripoti humkuta mtu anayemjua. Beba vyeti vya vifo vya wazazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako, na barua ya chifu inayosema mtoto anaishi nawe tangu lini.

Mlezi aliyewekwa na mahakama anaweza kupewa mtoto, au mali ya mtoto, au vyote viwili. Soma amri yako vizuri ujue umepewa nini. Si lazima anayeshika mali ndiye anayelala na mtoto nyumba moja. Nyanya anaweza kuwalea, na mwalimu wa ukoo anayejua hesabu akashika mali. Mimi naupenda mgawanyo huo pale mali inapokuwa nyingi, kwa sababu watu wawili huchungana bila kuambiwa. Kama hakuna aliyetajwa wa mali, mlezi wa mtoto hubeba mamlaka hayo pia: kupokea na kudai vilivyo vya mtoto, kuvitunza, na kuviwekeza kwa faida ya mtoto.

Usichanganye ulezi na kuasili. Mtoto uliyepewa kulea habadilishi jina, hapotezi urithi wa baba yake, na wewe humrithi kwa kuwa mlezi tu. Kuasili hukata uzi wa zamani na kuunga mpya, na kuna mlolongo wake mrefu. Waislamu wana kafala, ambayo Sheria ya 2022 imeitambua waziwazi: malezi kamili bila kubadilisha nasaba.

Majani chai, shamba na mlango wa pili wa mahakama

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Unaweza kuwa na amri ya ulezi mkononi, yenye muhuri, na bado usiwe na ruhusa ya kugusa shilingi moja ya marehemu. Amri ya ulezi inakupa mtoto na vilivyo vyake. Mali ya marehemu haijawa ya mtoto mpaka ipite kwenye kesi ya mirathi, chini ya Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Julai 1, 1981. Ni milango miwili, hata kama iko kwenye jengo moja.

Chukua mkulima wa majani chai. Nambari yake ya mkulima ndiyo inayopeleka pesa benki kila mwezi, na ndiyo inayoleta bonasi karibu na Oktoba. Akifa, nambari haifi siku hiyo hiyo. Majani yakiendelea kupelekwa kituoni, pesa zinaendelea kuingia kwenye akaunti ya marehemu, na kadi ya benki mara nyingi iko kwenye droo ambayo kila mtu nyumbani anaijua. Baba mdogo huanza kutoa pesa "za watoto." Pengine kweli ni za watoto. Lakini kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema mtu asiyeruhusiwa akishika mali ya marehemu, ameingilia mali hiyo: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na juu yake atalipa alichokigusa. Faini ni ndogo, nakubali. Kulipa ndiko kunakouma, hasa miaka minane baadaye, mpwa wako amepata kitambulisho na amechapisha taarifa ya benki ya miaka yote.

Kinachoruhusiwa wakati huo wa katikati ni kulinda: kupalilia, kuzuia mwizi, kuhakikisha majani hayaozi shambani. Ukilazimika kulipa wachumaji, andika. Kisha fungua kesi ya mirathi haraka.

Njia yake ni hii. Cheti cha kifo kwanza, maana bila hicho hakuna ofisi itakayokusikiliza. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kisha barua ya chifu inayotaja warithi wote. Isome kabla hujaondoka ofisini kwa chifu. Barua nyingi huandikwa zikiwa na majina ya wavulana peke yao, au nyumba ya mke mmoja peke yake, na kosa hilo likifika mahakamani hati nzima ya usimamizi inaweza kufutwa baadaye. Msichana ni mrithi sawa na kaka yake, aolewe asiolewe. Mtoto wa mke mdogo ni mrithi. Mtoto wa nje ambaye marehemu alimtambua ni mrithi. Kisha omba upekuzi rasmi wa shamba kwenye ofisi ya ardhi, ujue hati miliki iko kwa jina la nani. Hapo huenda ukagundua, kama wengi wa Gusii wanavyogundua, kwamba shamba bado liko kwa jina la babu aliyekufa zamani, na kesi inayotakiwa kwanza ni ya babu.

Mahakama itatangaza ombi lako kwenye Gazeti rasmi la serikali na kusubiri siku 30 kama kuna mwenye pingamizi. Ikitoa hati ya usimamizi, hiyo si ruhusa ya kugawa. Mpaka hati ithibitishwe, kwa kawaida baada ya miezi sita, msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi wala kugawa mali. Wanunuzi wenye haraka hutumia miezi hiyo sita. Watakuletea shilingi mkononi na kukwambia karatasi zitafuata. Waambie warudi.

Jambo moja linaloandikwa kwa maandishi madogo lakini lina uzito kwa watoto: pale ambapo mali itashikwa kwa niaba ya mtoto mpaka akue, hati haitolewi kwa mtu mmoja. Wasimamizi wasipungue wawili, na kwa vyovyote wasizidi wanne. Ushauri wangu ni mmoja atoke upande wa baba na mwingine upande wa mama. Ndugu wawili wa tumbo moja wakisimamia mali ya mpwa, shahidi wa tatu hayupo.

Mgawo wenyewe unategemea nani amebaki. Kama mzazi mmoja yuko hai, yeye hupata vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na mali nyingine huitumia maisha yake bila kuwa yake ya kuuza atakavyo. Ardhi haiuzwi bila idhini ya mahakama. Kama hakuna mjane wala mgane, watoto hugawana sawa kwa sawa. Marehemu akiwa na wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane huhesabiwa kama mmoja wa nyumba yake. Nyumba yenye watoto sita haipati sawa na nyumba ya watoto wawili, tofauti na walivyozoea wazee wetu kugawa kila mke na upande wake wa kilima. Na kama marehemu alikuwa na shamba ng'ambo, Trans Mara, tafuta wakili mapema: Narok ni miongoni mwa maeneo ambako sheria hii iliacha mashamba na mifugo ya asiyeandika wosia ifuate mila.

Fungu la mtoto hushikwa kwa amana mpaka atimize miaka 18. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu jina la mtoto kuingizwa kwenye sajili ili haki yake ishikiliwe na mlezi, lakini mtoto mwenyewe hawezi kuuza wala kuweka rehani. Sisitiza jina lake liingie. Hati miliki iliyoandikwa jina lako peke yako, hata kwa nia njema, ukifa wewe itakuwa urithi wa watoto wako, na binamu wataanza kupigania kilima kimoja. Ukiona dalili kwamba mtu anataka kuuza kabla kesi haijaisha, nenda ofisi ya ardhi uweke pingamizi kwenye sajili. Pia mwone naibu wa kamishna wa kaunti, kwa sababu ardhi ya kilimo haiuzwi bila bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi ikishajua kuna yatima kwenye shamba hilo, itauliza maswali.

Je, mlezi anaweza kuuza chochote? Anaweza, kwa idhini ya mahakama na kwa sababu inayomhusu mtoto. Karo ya sekondari ni sababu. Matibabu ni sababu. Deni la mlezi kwenye chama si sababu, wala harusi ya mtoto wake wa kuzaa.

Kuna pesa nyingine ambayo haipiti njia ya mirathi, nayo ni fidia. Mtoto akigongwa na bodaboda au kuumia kwenye matatu, hawezi kushtaki mwenyewe. Mtu mzima hushtaki kwa niaba yake, na hakimu akitoa fidia, mtu huyo haruhusiwi kuipokea bila idhini ya mahakama. Kwa kawaida huwekwa benki kwa jina la mtoto mpaka afike miaka 18, na mlezi huomba sehemu kwa karo au matibabu. Dalali wa kesi akikuahidi kwamba pesa zitakuja kwenye simu yako, ujue kuna kitu kimeruka mstari.

Daftari

Mlezi wa mali ana wajibu ambao ni walezi wachache vijijini wanaoujua: kutoa hesabu kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kuteuliwa kwake. Uliteuliwa Machi 14, basi kila Machi 14 hesabu iwe tayari kwa mzazi aliyebaki, kwa anayekaa na mtoto, au kwa mahakama. Mahakama inaweza kuidai hata siku nyingine. Mlezi anayepoteza, kuharibu au kutumia vibaya mali ya mtoto ametenda kosa la jinai, na bado atalipa hasara kutoka mfukoni mwake.

Hesabu haihitaji mhasibu. Inahitaji daftari moja la duka ambalo haliandikwi kitu kingine, na mfuko wa plastiki wa risiti. Tuseme mtoto ana mashina ya majani chai, na wewe ndiye unayeshika. Ukurasa wa Novemba utaonekana hivi: tarehe 5, malipo ya majani ya Oktoba, shilingi 6,400, tarehe 6, wachumaji, 2,700, tarehe 9, viatu vya shule, 1,200, salio, 2,500, limewekwa benki tarehe 10. Basi. Mbolea ya mkopo inayokatwa kiwandani nayo iandikwe, kwa sababu mwezi itakapokatwa malipo yatashuka, na mtoto akikua atauliza kwa nini. Bonasi ipewe ukurasa wake. Ndiyo pesa kubwa ya mwaka, na ndiyo inayotoroka.

Usichanganye akaunti. Pesa za mtoto zikilala kwenye simu yako pamoja na zako, baada ya wiki mbili hakuna malaika anayeweza kuzitenganisha. Fungua akaunti ya mtoto benki au kwenye sako, wewe ukiwa mwenye sahihi kwa niaba yake.

Na je, chakula anachokula kwako? Unaruhusiwa kutumia mapato ya mali ya mtoto kwa chakula chake, karo na matibabu. Hulazimiki kumlisha kwa pesa zako huku majani chai yake yakilipa. Linalokatazwa ni kulisha nyumba nzima kwa kisingizio chake. Andika kiasi cha haki na ukishike hicho hicho kila mwezi. Kama mtoto hana mali yoyote, lakini baba yake yuko hai mahali, Nairobi au Kericho, na amemtupa, wewe kama mlezi unaweza kumshtaki mahakama ya watoto alipe matunzo. Ulezi wako haumfuti yeye. Pia uliza kwa chifu au ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu Inua Jamii: mpango wa yatima na watoto walio hatarini hulipa kaya iliyosajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo ni za mtoto, na haziliwi bila kuandikwa kwa kuwa tu zimetoka serikalini.

Usichoruhusiwa hata ukoo ukikubaliana

Mamlaka ya mlezi yana ukuta. Huwezi kumwoza. Sheria ya Ndoa ya 2014 iliweka miaka 18 kwa wote, na hakuna tena nafasi ya mzazi au mlezi kukubali kwa niaba ya msichana wa 16. Huwezi kumtoa shule akalee watoto wako au akauze ndizi Nyangusu. Huwezi kumpiga na kuita malezi. Katiba, ibara ya 29, imekataza adhabu ya viboko.

Na huwezi kumkeketa. Nalitenga hili kwa sababu hapa kwetu Desemba ina kazi yake, na kwa sababu ukeketaji wa Gusii mara nyingi umehamia kwa mwenye glavu na sindano ya ganzi, watu wakidhani hilo linaufanya halali. Haliufanyi. Sheria ya 2011 inatoa kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Idhini ya mlezi si utetezi, na mlezi aliyejua akanyamaza ana kosa lake la kutoripoti. Nyanya akikwambia kwamba bila hivyo mtoto hatapata mume, mheshimu kama nyanya, na mtoto abaki kwako likizo hiyo.

Ukizidiwa au ukikosana na wenzako

Walezi wawili wakigombana, hakimu huamua. Mlezi akishindwa kazi, mahakama humwondoa na kuweka mwingine. Ndugu yeyote mwenye wasiwasi, au mtoto mwenyewe, anaweza kupiga 116, simu ya watoto isiyolipishwa, saa 24. Ukitaka kuacha kwa sababu ya ugonjwa au uzee, acha kwa maandishi, mkabidhi mrithi wa kazi daftari na akaunti, na umwarifu hakimu. Kumpeleka mtoto kwa shangazi Kilgoris na kufunga mlango hakukuondolei wajibu.

Anayeshindwa kumudu wakili aulize kuhusu Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. FIDA, shirika la mawakili wanawake, nayo imewasaidia wanawake wengi na watoto kwenye kesi za mirathi, na ina ofisi Kisumu. Mwombe pia hakimu amwekee mtoto wakili wake mwenyewe pale watu wazima wanapovutana, sheria inaruhusu.

Ulezi huisha mtoto akitimiza miaka 18. Mtoto mwenye ulemavu au ugonjwa unaomzuia kujisimamia anaweza kuombewa muda zaidi, lakini ombi lipelekwe kabla ya siku hiyo ya kuzaliwa. Kwa wengine, siku hiyo ndiyo ya kukabidhi: hati miliki, kitabu cha benki, nambari ya mkulima, daftari zote. Mwite na shahidi mmoja wa kila upande, atie sahihi kwamba amepokea, nawe ubaki na nakala.

Neno la mwisho ni kwa mzazi anayesoma haya akiwa mzima. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na unafaa tu ukifa ndani ya miezi mitatu tangu uliposema. Wa maandishi hauna mwisho huo. Chukua karatasi wiki hii, andika nani awalee watoto wako na nani ashike mali yao, weka tarehe, tia sahihi mbele ya watu wawili wasiofaidika na mali hiyo, na mmoja wao aende na nakala nyumbani kwake.